Marburg ilipovamia wodi za Kigali

Ijumaa ya Septemba 27, 2024, Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kuwa nchi hiyo imepata wagonjwa wa Marburg kwa mara ya kwanza katika historia yake. Waziri wa Afya, Dk. Sabin Nsanzimana, alipotoa maelezo zaidi, alisema jambo lililowashtua hata watu waliozoea habari za milipuko: wengi wa waliokuwa wakiugua na kufa walikuwa watumishi wa afya, hasa wa wodi za wagonjwa mahututi. Ugonjwa ulikuwa umejikita katika hospitali kubwa za mji mkuu, mahali ambapo mikoa yote hupeleka wagonjwa walioshindikana.

Desemba 20 mwaka huohuo, mlipuko ulipotangazwa kumalizika, hesabu ilifungwa kwa wagonjwa 66 na vifo 15. Zaidi ya robo tatu ya waliougua walikuwa watumishi wa afya. Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Marburg kwa wastani huua nusu ya wanaougua, na katika milipuko mibaya imewahi kuondoka na zaidi ya wanane katika kila kumi. Kigali walikufa asilimia 23.

Hapo ndipo lilipo fundisho la Rwanda kwa majirani zake. Hospitali zilizokisambaza kirusi ndizo zilizokizima. Zilikisambaza kwa sababu ya mapungufu ya siku za kawaida, na zikakizima kwa uwezo uliojengwa vilevile siku za kawaida, kabla mtu yeyote Kigali hajalitamka jina la Marburg.

Kirusi cha pangoni

Marburg ni ndugu wa Ebola, na ndiye aliyejulikana kwanza. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati huo, waliugua homa kali iliyoambatana na kutoka damu. Walikuwa wameshughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya utafiti na utengenezaji wa chanjo. Waliougua walikuwa 31, wakafa saba. Ugonjwa ukapewa jina la mji wa Ujerumani, ingawa kirusi chenyewe kilisafiri kutoka kwetu.

Ilichukua miaka mingi kumjua mwenyeji wake halisi. Ni popo mla matunda anayelala mapangoni kwa maelfu, na kirusi kinaishi mwilini mwake bila kumuumiza. Ndiyo maana historia ya Marburg Afrika imejaa mapango na migodi. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alitembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, akaugua na kufia Nairobi. Kati ya 1998 na 2000 wachimbaji wa dhahabu wa Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, waliugua kundi baada ya kundi. Wagonjwa 154, vifo 128. Mwaka 2007 ikawa zamu ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda.

Rwanda nayo haikutoka nje ya mkondo huo. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa kirusi kilivuka mara moja tu kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu, kisha kikaendelea kati ya mtu na mtu. Mtu wa kwanza alihusishwa na eneo la uchimbaji madini lenye pango la popo hao. Kirusi kilifanana sana na kile kilichopatikana Uganda mwaka 2014.

Mtu akisikia hivyo, wazo la haraka ni kuwaua popo. Kitaka walijaribu. Baada ya mlipuko wa 2007 wachimbaji waliwaangamiza popo wote wa mgodi ule. Mwaka 2012 ugonjwa ulipozuka tena katika eneo la jirani, watafiti walirudi mgodini na kukuta popo wamerejea, wachache kuliko zamani, lakini walioambukizwa miongoni mwao walikuwa na uwiano mkubwa zaidi kuliko kabla ya mauaji. Popo wapya, wasio na kinga, walikuwa wamejaza nafasi ya wazee waliokwishaugua na kupona. Rwanda haikuifuata njia hiyo. Ilichagua kuwafuatilia popo na kudhibiti namna wachimbaji wanavyoingia mapangoni.

Mlango ulioachwa wazi

Marburg haienei kwa hewa kama surua. Inahitaji majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, jasho, mate. Mtu aliyeambukizwa hukaa kati ya siku mbili na 21 kabla ya kuugua, na katika siku hizo hamwambukizi mtu. Homa ikianza, kichwa kikauma na viungo vikalegea, anaanza kuambukiza, na kadiri anavyozidiwa ndivyo kirusi kinavyojaa katika kila kinachotoka mwilini mwake. Mgonjwa aliye hatari kwa wengine kuliko wote ni yule aliyekaribia kufa, na baada yake maiti.

Basi fikiria nani huwa karibu na mtu huyo. Mke, mama, dada anayemwosha. Akipelekwa hospitali, ni muuguzi anayetafuta mshipa wa kuwekea dripu, mtaalamu anayechukua damu ya vipimo, daktari anayempitishia mpira kooni ili apumue kwa mashine, mfanyakazi wa usafi anayekunja mashuka yaliyolowa. Kila moja ya kazi hizo ni ya huruma, na kila moja ni mlango wa kirusi.

Shida kubwa ni kwamba mwanzo wa Marburg hauna alama ya pekee. Homa, kuumwa kichwa, kutapika na kuharisha ndivyo vilevile vinavyojaza foleni za wagonjwa wa nje kutoka Kigali hadi Kigoma. Daktari wa ukanda huu akiona homa hufikiria malaria kwanza, na mara nyingi huwa sahihi. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bado kinachomuua kikawa kitu kingine. Dawa ya malaria ikishindwa, anapewa antibaiotiki. Ikishindwa, anapewa rufaa. Kufikia hapo ameshapita mikononi mwa watumishi wengi waliovaa glavu moja na barakoa ya kawaida, au wasiovaa kitu kwa kuwa glavu zimehifadhiwa kwa chumba cha kujifungulia.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu chungu za namna hii. Mwaka 1980, daktari kijana wa Kenya, Shem Musoke, alimhudumia yule Mfaransa katika Hospitali ya Nairobi. Siku chache baadaye akaugua mwenyewe. Alipona, na kirusi kilichotolewa katika damu yake hadi leo kinatumika katika maabara za dunia kikibeba jina lake. Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2000, vifo vya wanafunzi wa uuguzi vilimfanya apekue mafaili ya wagonjwa na kushuku kuwa hospitali yake imeingiwa na homa ya kutoka damu. Ilikuwa Ebola. Aliongoza mapambano kwa miezi miwili, kisha akaambukizwa na kufariki Desemba 5, mwaka huo.

Kujikinga kwenyewe ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana katika picha za televisheni. Anayeingia kwa mgonjwa wa Marburg huvaa mabuti, gauni au vazi zima, aproni, glavu mbili juu ya nyingine, barakoa, kofia na kinga ya uso. Ndani ya vazi hilo jasho hutiririka hadi mabutini, na baada ya saa moja hivi akili huanza kuchoka. Hatari kubwa huja wakati wa kuvua. Mwenzake husimama mbali kidogo akimtajia hatua moja baada ya nyingine: nawa mikono yenye glavu kwa maji ya klorini, vua aproni bila kugusa upande wa mbele, nawa, vua glavu za juu, nawa, vua gauni kwa kulikunja ndani nje, nawa tena. Kinga ya uso huvuliwa kwa kushika nyuma ya kichwa, macho yamefumbwa. Kosa la sekunde moja, kama kufuta jasho kwa mkono, linaweza kufuta uangalifu wa saa nzima. Mtu hajifunzi hayo siku mlipuko unapotangazwa.

Siku za mwanzo

Baada ya sampuli kuthibitishwa katika maabara ya taifa mjini Kigali, serikali haikusubiri. Ndani ya siku chache karibu watu 300 waliotangamana na wagonjwa walikuwa wamefahamika, na idadi ikazidi kupanda kwa jinsi kila mgonjwa mpya alivyofungua orodha mpya. Hospitali moja ya Kigali iligeuzwa kuwa kituo cha tiba ya Marburg. Kuwatembelea wagonjwa hospitalini kulisimamishwa kwa siku 14, na kila mgonjwa akaruhusiwa mtu mmoja tu wa kumuuguza. Mazishi ya aliyekufa kwa Marburg hayakutakiwa kuzidi watu 50, na mwili haukuruhusiwa kulazwa nyumbani, kanisani wala msikitini kwa ajili ya kuagwa. Shule za bweni zilisimamisha siku za wazazi kuwatembelea watoto.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kilichoachwa. Masoko hayakufungwa, wala shule, wala mipaka. Nchi iliyopitia makarantini makali ya Uviko-19 ilijua gharama ya kufunga kila kitu, tena ilijua kuwa ugonjwa huu hauendi sokoni. Unakwenda hospitalini na msibani. Masharti yakaelekezwa huko.

Kazi ya kufuatilia waliotangamana na wagonjwa haina mbwembwe yoyote, na pengine ndiyo sababu huwa haipewi fedha hadi maji yafike shingoni. Mtumishi anakaa na mgonjwa, au na ndugu zake kama mgonjwa hawezi kusema, anauliza: ulilala wapi, ulikula na nani, nani alikufulia, ulipanda gari gani, ulipita zahanati ipi. Kila jina huandikwa na kutafutwa. Mwenye jina hupimwa joto na kuulizwa hali yake kila siku kwa siku 21. Akifika ya 21 salama, anafutwa. Akipata homa siku ya tisa, anachukuliwa na kupimwa siku hiyohiyo, kabla hajamwambukiza mtu mwingine.

Kwa orodha ya Kigali kulikuwa na ugumu wa pekee: wengi waliomo walikuwa madaktari na wauguzi wenyewe. Kila aliyetengwa nyumbani alipunguza idadi ya wahudumu wodini, na wagonjwa wa kisukari, wa ajali na wa uzazi hawakuacha kuja. Upande mwingine, watu hao walijua wanachokitafuta katika miili yao. Walipohisi homa waliripoti mapema, na hilo liliwaokoa wengi.

Rwanda pia ilikuwa na mtandao ambao hauwezi kubuniwa kwa wiki moja. Ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii karibu 58,000, watu waliochaguliwa na vijiji vyao, wanaojua nyumba ipi ina mjamzito na nyumba ipi ina mtoto anayekohoa. Miaka yote kazi yao imekuwa malaria, lishe na uzazi. Mlipuko ulipokuja, ujumbe ulipita kwa watu ambao jirani alikwishawazoea mlangoni. Mgeni wa koti jeupe anayeshuka kwenye gari la serikali huulizwa maswali mengi kabla ya kuaminiwa, na wakati wa Marburg muda wa maswali hayo haupo.

Vipimo vikaongezwa. Hadi mwisho wa mlipuko maabara za Rwanda zilikuwa zimepima sampuli zaidi ya 7,000 ili kuwapata wagonjwa 66. Uwiano huo ndio ulinzi wenyewe. Nchi inayopima wale tu wanaotokwa damu huwa imekwishachelewa, kwa sababu si wagonjwa wote wa Marburg wanaofika hatua hiyo, na wanaofika wamekwishaambukiza wengine.

Kilichotokea vitandani

Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kutibu Marburg. Kauli hiyo, ikirudiwa mara nyingi, imezaa imani mbaya kuwa hakuna linaloweza kufanyika zaidi ya kumtenga mgonjwa na kusubiri. Kigali waliikataa imani hiyo.

Mgonjwa wa Marburg hupoteza maji na chumvi nyingi kwa kutapika na kuharisha. Shinikizo la damu linashuka, figo zinaacha kuchuja, ini linashindwa, mapafu yanajaa. Kila moja ya hatua hizo ina tiba inayojulikana kwa ugonjwa wowote: dripu iliyopimwa kwa uangalifu, dawa za kupandisha shinikizo la damu, oksijeni, kuongezewa damu, kusafishwa damu kwa mashine ya figo. Tiba hizo haziui kirusi. Zinamweka mtu hai hadi mwili wake wenyewe utakapokishinda. Juu ya hizo madaktari waliongeza dawa mbili za majaribio: remdesivir, iliyojulikana wakati wa Uviko-19, na kingamwili maalumu za maabara ziitwazo MBP091.

Wapo waliozidiwa hadi viungo kadhaa vikashindwa kwa pamoja. Wawili kati yao waliwekwa kwenye mashine ya kupumulia, wakapata nafuu, mipira ikatolewa, wakapona. Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alipofika Kigali Oktoba 2024 alisema shirika lake linaamini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika mgonjwa wa Marburg kutolewa kwenye mashine akiwa hai.

Hapa kuna hesabu inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 1967, bila dawa wala chanjo ya aina yoyote, hospitali za Ulaya zilipoteza wagonjwa saba kati ya 31. Hiyo ni asilimia 23. Mwaka 2024 Kigali ilipoteza 15 kati ya 66, asilimia 23 vilevile. Katikati ya miaka hiyo kuna Durba, asilimia 83, na mji wa Uíge nchini Angola mwaka 2004 na 2005, ambako walikufa 227 kati ya 252, yaani asilimia 90. Kirusi ni kilekile. Tofauti kubwa ni kitanda alicholazwa mgonjwa na watu waliosimama kando yake.

Mtu makini atatia neno: wagonjwa wa Kigali wengi walikuwa vijana wenye afya, waligunduliwa mapema, tena walikuwa hatua chache kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini. Ni kweli, na ni sawa na wafanyakazi wa maabara wa Ujerumani. Lakini pingamizi hilo linaunga mkono hoja badala ya kuibomoa. Linasema kwamba anayegunduliwa mapema na kutibiwa vizuri ana nafasi nzuri ya kupona, na kwamba mchimbaji wa kijijini ananyimwa vitu hivyo viwili kwa kuwa alizaliwa mbali navyo.

Chanjo iliyokuwa tayari

Septemba 27 mlipuko ulitangazwa. Oktoba 5 dozi 700 za chanjo ya majaribio zikatua Kigali kutoka Taasisi ya Chanjo ya Sabin ya Marekani. Oktoba 6, Jumapili, wahudumu wa afya wakaanza kuchanjwa. Kabla ya mwisho wa mlipuko zaidi ya watu 1,700 walikuwa wamechanjwa, wengi wao watumishi wa afya, na wengine wachimba migodi na watu waliotangamana na wagonjwa.

Kasi hiyo ilitokana na kazi iliyokwishafanyika. Chanjo hiyo ilikuwa imetengenezwa miaka kadhaa nyuma, ikajaribiwa kwa watu wachache Marekani, na wakati Rwanda inaiomba majaribio ya hatua ya pili yalikuwa yakiendelea Kenya na Uganda. Watu wazima waliojitolea mikono yao huko, bila mlipuko wowote kuwatisha, ndio waliowapa wataalamu wa Rwanda ushahidi wa kwanza kuwa ni salama vya kutosha kujaribiwa. Mamlaka za dawa na kamati za maadili za Rwanda nazo zilijua kusoma mafaili hayo, zikafanya uamuzi kwa siku badala ya miezi.

Kwamba chanjo ndiyo iliyouzima mlipuko hakuna anayeweza kuthibitisha. Maambukizi yalikuwa yakipungua kwa sababu nyingine pia, na wagonjwa walikuwa wachache mno kwa hesabu ya kitaalamu. Ilichofanya bila shaka ni kuwapa wauguzi sababu ya kurudi wodini.

Bei ya kusema

Rwanda ilitangaza mapema na ikaendelea kutoa takwimu kila siku. Ilipata shukrani za wataalamu na, kwa upande mwingine, adhabu za nchi tajiri. Marekani iliwashauri raia wake wafikirie upya safari zisizo za lazima kwenda Rwanda, na ikaanza kuwakagua abiria waliokuwa wamepita huko katika viwanja maalumu vya ndege. Dk. Jean Kaseya, mkuu wa Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa cha Umoja wa Afrika, alilalamika hadharani. Hamburg, Ujerumani, mapema Oktoba, njia mbili za stesheni kuu ya treni zilifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Rwanda alijisikia vibaya ndani ya treni. Vipimo vilionyesha hana Marburg.

Nchi iliyosema ukweli ikiadhibiwa, nchi inayofuata hufikiri mara mbili. Watalii wana nauli zao, mahoteli yana mikopo, na mawaziri wa utalii hukaa meza moja na mawaziri wa afya. Lakini wahenga walikwishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mkoa wa Kagera, Tanzania, unalijua hilo kwa namna yake.

Kagera, mara mbili

Kagera inapakana na Rwanda, Burundi na Uganda. Malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam huingia Rwanda kupitia Rusumo, na wavuvi, wachuuzi na wachimbaji huvuka mipaka na visiwa vya Ziwa Victoria bila kuhesabiwa. Machi 21, 2023, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mlipuko wa kwanza wa Marburg Tanzania, katika Wilaya ya Bukoba. Wagonjwa tisa, vifo sita, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwa waliofariki. Watu zaidi ya 200 walifuatiliwa, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Kwa mkoa usiokuwa na hospitali za kiwango cha Kigali, kuuzima ugonjwa kwa wagonjwa tisa ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano.

Mara ya pili haikuwa hivyo. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana, wa Wilaya ya Biharamulo mkoani humo, aliugua Desemba 9, 2024, na kufariki wiki iliyofuata. Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuwa kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Dk. Tedros, akathibitisha kuwa mgonjwa mmoja amekutwa nacho. Mlipuko ulipofungwa Machi 13, waliohesabiwa walikuwa kumi: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa kuwa nacho. Wote kumi walikufa, na wanane kati yao walikuwa wamekwishazikwa au kufariki kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Linganisha na Kigali upate picha kamili. Tofauti ya asilimia 23 na asilimia 100 haitokani na ujasiri wa madaktari. Wa Biharamulo hawakuwa na nafasi ya kuuonyesha. Watu walikufa kwa homa isiyo na jina, wengine wakiwa mbali na kitanda chochote cha hospitali. Kikosi cha dharura kilipofika kikafanya vizuri kazi iliyobaki, yaani kuzuia mgonjwa wa 11. Wale wa mwanzo walihitaji kitu kilichotangulia kikosi: mganga wa zahanati mwenye shaka, sampuli inayofika maabara siku hiyohiyo, na jibu linalorudi kabla ya mazishi.

Tunachoweza kudai

Ni rahisi kuusoma ushindi wa Rwanda kama hadithi ya serikali iliyojipanga na kuishia hapo. Ushindi huo ulilipiwa na watumishi wa afya waliokufa kwa sababu mgonjwa mmoja mwenye homa aliingia wodini bila mtu kushuku. Rwanda yenyewe imelikiri hilo kwa vitendo: mpango wake ulioanza 2023 wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne ulikuwepo kabla ya Marburg, na mlipuko umeupa sababu mpya.

Kwa Tanzania, Uganda, Burundi na Kenya, mambo ya kudai si ya ajabu. Kila kituo cha afya kiwe na chumba kimoja pembeni cha kumweka mwenye homa isiyoeleweka, hata kama mara 99 kati ya 100 itakuwa malaria. Maji yatoke bombani na klorini iwepo bila kusubiri mgeni rasmi. Mkoa uliopata Marburg mara mbili uwe na maabara ya kudumu inayoweza kukitambua kirusi hicho, yenye wataalamu na vitendanishi mwaka mzima. Oksijeni na mashine za figo zisogee kuelekea hospitali za mikoa. Na muuguzi anayeambukizwa kazini ajue mapema nani atamtibu, nani atamlipa, na familia yake itapata nini asiporudi.

Mambo hayo hayapigwi picha. Kikosi cha dharura kikiwasili na mavazi ya kujikinga, kamera huwa zipo, na mkataba wa msaada husainiwa mbele ya bendera. Katoni za glavu zinazofika kwa wakati kila mwezi hazina sherehe. Mwananchi anayetaka kujua kama wilaya yake iko tayari kwa mlipuko ujao hana haja ya kuuliza mpango wa taifa unasemaje. Amuulize muuguzi wa zamu ya usiku kama jana glavu zilitosha, na jibu atakalopewa alipeleke kwa diwani na mbunge wake kabla bajeti haijapitishwa.